Nyumba Hubadilika: Habari za Msonge na Nyumba ya Kasisi

Leo twataka kusema nanyi juu ya nyumba. Hatutasema habari ya kujenga nyumba mpya, maana mafundi wenu waijua kazi hiyo. Tutasema habari ya kubadili nyumba iliyokwisha kusimama. Kazi hiyo hufanywa kila mwaka katika kila kijiji. Mmoja huondoa nyasi akaweka bati. Mwingine hubomoa ukuta ili apate chumba kikubwa. Mwingine huziba dirisha. Mwingine huongeza vyumba nyuma kwa kuwa watoto wamekuwa wengi. Mambo hayo huonekana kuwa madogo, lakini ndani yake mna faida na mna hatari. Neno letu ni hili: kabla hujabadili sehemu yo yote ya nyumba, ujue kwanza sehemu hiyo ilikuwa ikifanya kazi gani. Asiyejua hivyo aweza kuondoa kitu kile kile kilichokuwa kikiizuia nyumba isianguke.

Ili neno hili lieleweke, tutatazama nyumba za namna tatu. Kwanza tutatazama msonge, nyumba ya wazee wa Buhaya. Kisha tutakwenda mbali kidogo, mpaka Uingereza, tukatazame nyumba moja ya kasisi. Mwisho tutarudi Buhaya kutazama nyumba za misheni, na nyumba za matofali na bati zilizojengwa na wenyeji baada yake. Labda mtu atauliza, Nyumba ya kasisi wa Kiingereza yatuhusu nini sisi? Jibu letu ni kwamba nyumba zile zilipita katika njia ambayo nyumba za Buhaya zimeipita: zilianza kwa nyasi na moto wa katikati, zikaishia kwa matofali. Tena habari zao ziliandikwa tangu miaka mia nyingi iliyopita, basi twaweza kuona mwanzo wa safari na mwisho wake pia.

Tuanze na msonge, ambao Wahaya huuita omushonge. Siku hizi misonge imebaki michache, lakini zamani ndiyo iliyokuwa nyumba ya nchi nzima, ya mtu wa kawaida na ya mkama, ila ya mkama ilikuwa kubwa zaidi. Umbo lake ni la mviringo, na paa lake hushuka toka kileleni hata kugusa nchi; mtu akiutazama kwa mbali haoni ukuta, huona nyasi tupu. Mgeni asiyeujua aweza kudhani kuwa ni chungu ya nyasi iliyotobolewa mlango. Fundi ajua kuwa sivyo. Ndani husimamishwa nguzo kwa mpango maalum. Fito na matete huzungushwa pete juu ya pete, kila pete ikiwa ndogo kuliko ile iliyo chini yake, mpaka kileleni. Kila kitu hufungwa kwa kamba, wala hakuna kinachopigiliwa msumari. Kisha nyumba huezekwa kwa nyasi zilizokatwa rweya, yaani katika uwanda wa nyasi ulio nje ya vibanja. Ndani, viambaza vya matete hutenga mahali pa wageni, mahali pa kulala na mahali pa mifugo, na sakafu hutandikwa nyasi.

Sasa tuulize swali letu: kila sehemu ilifanya kazi gani? Mteremko mkali wa paa ulikuwa kwa ajili ya mvua. Pwani ya ziwa karibu na mji wa Bukoba hupata mvua ya kadiri ya milimita 2,000 kwa mwaka, nayo ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kabisa katika Tanzania. Paa la nyasi lenye mteremko mdogo lingeoza upesi. Lile lenye mteremko mkali huyamwaga maji kabla hayajapenya. Umbo la mviringo liliugawa upepo, kwa kuwa halina pembe wala upande mpana wa kusukumwa. Kamba ziliiacha nyumba ilegee kidogo inaposukumwa au kutikiswa, kisha irudi mahali pake. Ng'ombe walilala ndani, basi samadi yao ilikuwa karibu na migomba, na migomba ndiyo iliyoilisha nyumba. Hata moshi ulikuwa na kazi. Moto uliwaka ndani, na moshi ukapanda na kutoka taratibu katikati ya nyasi. Ulipopita uliwafukuza wadudu, ukazikausha nyasi, na kuzifanya nguzo zisiliwe upesi. Msonge uliokaliwa ulidumu; msonge ulioachwa bila moto uliharibika mapema.

Lakini tusiusifu msonge kupita kiasi, maana sifa za uongo si heshima kwa wazee. Msonge ulikuwa na giza. Moshi uliozihifadhi nguzo uliwaumiza macho na vifua wenye nyumba, hasa akina mama na watoto wadogo. Nyasi zilitaka kuezekwa tena na tena. Na adui yake mkuu alikuwa moto: cheche moja ikishika nyasi zilizokauka kwa moshi wa miaka mingi, nyumba yote huteketea kabla majirani hawajafika. Watu walikuwa na sababu njema za kutaka nyumba nyingine.

Hapa twawaomba mvuke bahari pamoja nasi. Huko Uingereza, katika karne zile ambazo Wazungu huziita za kati, nyumba ya mwanakijiji na nyumba ya kasisi zilifanana na msonge kwa jambo moja kubwa, ingawa zilikuwa za pembe nne. Katikati palikuwa na ukumbi mmoja ulio wazi mpaka juu ya paa, na katikati ya ukumbi uliwaka moto. Hapakuwa na dohani, yaani njia ya kujengwa ya kutolea moshi. Moshi ulipanda tu ukatoka katika paa. Katika karne ya 16 watu wengi walianza kujenga dohani za matofali au mawe. Badiliko hilo moja lilileta la pili. Moshi ulipopata njia yake, watu waliweza kutandaza sakafu ya mbao juu ya ukumbi na kupata vyumba vya ghorofani, jambo lisilowezekana zamani maana wangelala ndani ya moshi. Hata leo mafundi wakipanda darini katika nyumba kama hizo huona boriti za kale zimekuwa nyeusi kwa masizi, ingawa chini yake mna sakafu na vyumba safi. Hivyo ndivyo wajuavyo kuwa nyumba hiyo iliwahi kuwa na moto wa katikati. Boriti huhifadhi habari ambayo wenye nyumba wameisahau.

Sasa nyumba ya kasisi yenyewe. Katika Kanisa la Uingereza, kasisi mkuu wa parokia aliyepewa haki ya kupokea fungu la kumi la mazao ya parokia yake aliitwa rekta. Pamoja na fungu hilo alipewa shamba la kanisa na nyumba. Lakini nyumba haikuwa mali yake. Ilikuwa mali ya kazi yake. Akifa, mjane na watoto hutoka, na kasisi mwingine huingia. Tena sheria ilimdai kasisi aitunze: kama aliiacha na ubovu, yeye au warithi wake walitakiwa kumlipa anayeingia gharama ya matengenezo. Linganisheni hayo na desturi ya Buhaya, ambako kibanja na nyumba hutoka kwa baba kwenda kwa mwana, na makaburi ya wazee yamo humo humo katika migomba. Nyumba ya kasisi ilipita katika mikono ya watu wasio wa ukoo mmoja. Mwenye watoto kumi aliongeza vyumba; mwenye kupenda vitabu alitengeneza chumba cha kusomea; mwenye fedha alijenga upya uso wa nyumba ili ipendeze; maskini aliiacha ivuje. Ndiyo sababu nyumba hizo zina alama za watu wengi, mmoja juu ya mwingine.

Nyumba moja ya namna hiyo yajulikana sana. Iko katika mji mdogo wa Epworth, mkoa wa Lincolnshire, upande wa mashariki wa Uingereza. Hesabu ya mali ya kanisa iliyoandikwa mwaka 1607 yaonyesha kuwa nyumba ya kasisi wa Epworth ilijengwa kwa miti na udongo wa lipu, ikaezekwa kwa nyasi za ngano, nayo ilikuwa na vyumba saba vikubwa. Mwishoni mwa karne ile ya 17 aliingia humo kasisi Samuel Wesley pamoja na mkewe, Susanna. Walikuwa na watoto wengi na fedha kidogo. Mwaka 1705 kasisi huyo alifungwa kwa ajili ya madeni.

Usiku wa tarehe 9 Februari 1709 nyumba ilishika moto. Baba na mama waliwatoa watoto, lakini walipowahesabu nje waliona mmoja amepungua: John, mtoto wa miaka mitano, alikuwa amebaki juu. Ngazi ya ndani ilikuwa ikiwaka, na baba hakuweza kupanda. Mtoto aliamka, akapanda juu ya sanduku lililokuwa karibu na dirisha, watu wakamwona toka uani. Hapakuwa na wakati wa kutafuta ngazi. Jirani mmoja alisimama ukutani, mwingine akapanda mabegani pake, akamshika mtoto na kumtoa. Punde paa likaanguka ndani. Mtoto huyo, John Wesley, alikua akawa mwalimu mkuu wa chama cha Wamethodisti, ambacho leo kina wafuasi katika nchi nyingi za dunia, na za Afrika pia.

Angalieni, wasikilizaji: nyumba ya kasisi wa Ulaya iliteketea kwa nyasi kama msonge ungaliteketea. Na kasisi alifanya nini? Hakurudisha nyumba ya zamani. Katika muda wa mwaka mmoja hivi alijenga nyumba ya matofali, yenye madirisha makubwa yaliyopangwa sawasawa kwa mistari, kama ilivyokuwa desturi mpya ya siku za Malkia Anne. Gharama ilikuwa paundi 400, na kwa kasisi mwenye madeni hizo zilikuwa fedha nyingi mno. Nyumba ilikuwa imara na nzuri, lakini hata miaka mingi baadaye ilikuwa na upungufu wa vyombo, kwa sababu fedha zote zilikwisha ukutani. Basi kuna mafunzo mawili hapo. La kwanza, alijua kilichoiua nyumba ya kwanza, naye akakiondoa. La pili, nyumba kubwa kuliko mfuko wa mwenyewe huwala wenye nyumba.

Nyumba hiyo mpya ilipata kazi ambayo mafundi hawakuikusudia. Wakati mmoja Samuel Wesley alipokuwa London kwa kazi za kanisa, Susanna alianza kuwasomea watoto wake na watumishi mahubiri jikoni siku ya Jumapili jioni. Majirani walisikia, wakaja. Hata mwisho watu wapatao 200 walikusanyika humo. Jiko limekuwa kanisa! Nasi twajifunza kuwa matumizi ya nyumba hubadilika hata pale ambapo kuta hazikubadilika.

Kodi pia ziliwahi kubadili nyumba. Tangu mwaka 1696 mpaka mwaka 1851 serikali ya Uingereza ilitoza kodi kwa hesabu ya madirisha. Wengine waliziba madirisha kwa matofali ili wapunguze kodi, wakakaa gizani. Alama za madirisha yaliyozibwa huonekana hata sasa. Wazee wetu nao waliyajua mambo kama hayo: mwaka 1897 serikali ya Kijerumani ilitangaza kodi ya nyumba katika Afrika ya Mashariki, na mahali pengine watu walisongamana katika nyumba moja ili wahesabiwe nyumba chache. Mtoza kodi ahesabupo nyumba huwa fundi asiyeshika mwiko.

Katika karne ya 20 Kanisa la Uingereza liliona kuwa nyumba nyingi za makasisi zimekuwa kubwa mno kwa mapato yao. Nyingi ziliuzwa kwa watu wa kawaida, nazo huitwa mpaka leo Nyumba ya Zamani ya Rekta. Ile ya Epworth haikuuzwa kwa mtu mmoja. Katika miaka ya 1950 Wamethodisti wa ulimwengu waliinunua, wakaitengeneza, wakaifungua iwe mahali pa wageni kutazama. Tena, baada ya sheria ya mwaka 1947, Waingereza huandika orodha ya majengo yenye thamani ya historia, na nyumba ya Epworth imo katika daraja la juu. Mwenye jengo lililo katika orodha hawezi kulibomoa wala kulibadili tabia yake bila ruhusa.

Sasa turudi nyumbani. Mji wa Bukoba ulianza kuwa kituo cha Wajerumani mwaka 1890, alipofika Emin Pasha. Mwaka 1892, baada ya vita vya dini huko Buganda, Askofu Hirth na wenziwe wa shirika la White Fathers walihamia upande huu wa ziwa, wakaanzisha misheni ya Kashozi, kaskazini ya Bukoba. Baadaye zilifuata misheni nyingine, kama Rubya na Rutabo katika nchi ambayo leo ni wilaya ya Muleba. Wamisheni wa Kilutheri wa Bethel walifika Buhaya mwaka 1910. Kila misheni ilihitaji kanisa, shule, na nyumba ya mapadre au wachungaji. Na kwa macho ya wanakijiji nyumba hiyo ndiyo iliyokuwa ajabu, maana kanisa ni la Mungu, lakini nyumba ni kitu ambacho kila mtu anacho na aweza kukilinganisha.

Nyumba ya misheni ya kawaida ilikuwaje? Ilikuwa ndefu, ya pembe nne, na vyumba vyake vimepangwa kwa mstari. Msingi wake uliinuliwa juu ya nchi. Kuta zilikuwa nene, za matofali au mawe. Mbele, na mara nyingi pande nyingine pia, ilikuwa na baraza pana iliyofunikwa na paa. Jiko lilikaa peke yake nyuma. Huulizwi mara mbili kwa nini ilijengwa hivyo. Msingi ulioinuliwa uliyazuia maji na mchwa. Ukuta mnene ulikuwa na baridi mchana na joto usiku. Baraza haikuwa pambo: ilizuia jua lisipige ukuta na mvua isiulowanishe, tena palikuwa mahali pa kupokea watu, kufundishia na kuamulia mashauri. Jiko lilitengwa ili moto ukitokea usiiteketeze nyumba kubwa.

Nyumba hizo nazo zilibadilika, kama za makasisi wa Uingereza, kwa sababu nazo ni mali ya kazi na si mali ya mtu. Huyu huondoka, yule huingia. Hata mahali penyewe hupata kazi mpya. Rubya ilipata kuwa na seminari, ambamo Laurean Rugambwa alisomea kabla ya kupewa upadre mwaka 1943. Rutabo ilikuwa misheni ya kijijini. Lakini mwaka 1952 Rugambwa aliwekwa wakfu kuwa askofu huko, na mwaka 1953 likaitwa Jimbo la Rutabo. Mwaka 1960 Rugambwa alifanywa kardinali, wa kwanza wa Kiafrika katika nyakati zetu hizi, na mwaka huo huo jimbo likaitwa Jimbo la Bukoba. Hivyo katika muda wa miaka michache kijiji cha Muleba kilikuwa na kiti cha askofu, kisha kiti kikahamia mjini. Majengo ya mahali kama hapo lazima yajifunze kazi nyingine, au yaachwe yaoze.

Fedha za kahawa zilipoongezeka katika miaka ya 1920 na baadaye, wanakijiji walianza kuiacha misonge na kujenga nyumba za pembe nne. Walitazama nyumba ya misheni na nyumba za mjini, wakachukua walichokiona: pembe nne, madirisha na bati. Faida zilikuwa kubwa. Bati haliungui, tena humpa mwenye nyumba maji safi ya mvua. Dirisha huleta nuru, na mtoto aweza kusoma. Hatuwezi kumlaumu ye yote kwa kutaka mambo hayo. Lakini wengi walichukua kinachoonekana wakaacha kisichoonekana. Waliacha msingi ulioinuliwa, kwa kuwa mawe ni ghali. Waliacha baraza, kwa kuwa ilionekana kula bati bure. Walifupisha kingo za paa. Basi mvua ya Bukoba ikapiga ukuta wa udongo, ikarukia toka chini, na ukuta ukaanza kuliwa miguuni.

Na moshi je? Katika Uingereza moshi ulipewa dohani kwanza, ndipo sakafu ya juu ikawekwa. Katika nyumba zetu nyingi nyasi ziliondolewa na bati likawekwa, lakini moshi haukupewa njia yo yote. Nyasi hupitisha moshi, bati halipitishi. Mwenye kupika ndani ya nyumba ya bati isiyo na tundu la juu amejenga mtego wa moshi, akauingia mwenyewe na watoto wake. Wamisheni walilijua hilo, ndiyo maana jiko lao lilikuwa nje. Huu ni mfano wazi wa neno letu: aliyeondoa nyasi hakuuliza nyasi zilikuwa zikifanya kazi gani.

Yapo mambo mazito kuliko moshi. Tarehe 10 Septemba 2016, siku ya Jumamosi alasiri, tetemeko la nchi lenye nguvu ya 5.9 liliupiga mkoa wa Kagera. Watu zaidi ya 15 walikufa, mamia wakaumia, na maelfu ya nyumba yakabomoka au kupasuka. Shule za Ihungo na Nyakato, zilizosomesha watu wengi wa nchi hii, ziliharibika hata zikafungwa kwa muda na kujengwa upya. Nyumba zilizodhurika sana zilikuwa za matofali yaliyounganishwa kwa udongo, zisizo na kitu cha kuzifunga kuta pamoja. Ukuta wa tofali una nguvu ya kubeba uzito toka juu. Hauna nguvu ya kusukumwa kwa ubavu. Pembe zikiachana, kila ukuta husimama peke yake, kisha huanguka peke yake. Kiambaza cha pembe tatu kilicho chini ya paa, mwishoni mwa nyumba, ndicho huanguka mapema, kwa kuwa kimeinuka juu na hakikushikwa na kitu.

Kumbukeni sasa pete za msonge. Fito zile zilizozungushwa na kufungwa kwa kamba zilifanya kazi hii hii ya kuishika nyumba pamoja. Mafundi wa leo huifanya kwa linta, yaani mkanda wa zege wenye nondo unaozunguka juu ya kuta zote bila kukatika. Jina ni jipya, lakini akili ni ile ya wazee: nyumba ifungwe kiuno. Hatuwaambii mrudi kukaa katika misonge. Twawaambia msiipoteze akili iliyokuwa ndani yake.

Basi tuwape maneno machache ya kufuata mtakapotaka kubadili nyumba ya zamani, iwe ya baba, ya shule au ya kanisa. Kwanza, itazame nyumba wakati wa mvua kubwa, uone maji yaangukia wapi na yakimbilia wapi; mvua itakuonyesha ubovu bila malipo. Pili, kabla ya kubomoa ukuta au kupanua dirisha, panda juu uone ni boriti gani zimelala juu yake. Ukuta unaobeba paa si sawa na kiambaza cha kutenga vyumba. Tatu, usiupake ukuta wa udongo lipu nzito ya saruji ukidhani umeuponya. Unyevu ukiingia nyuma ya saruji haupati njia ya kutoka. Ukuta huoza ndani huku uso wake ukionekana mzuri. Tumia udongo uliochanganywa vema, au chokaa, na uuzuie maji kwa paa refu na mfereji. Nne, usiikate baraza wala kuizungushia ukuta bila kufikiri, maana ndiyo mwavuli wa nyumba. Tano, ukiongeza chumba, kifunge na nyumba ya kwanza kwa msingi na kwa linta, kisiegemee tu kama mgonjwa kwa jirani. Sita, ipige nyumba picha au ichore kabla hujaigusa, na uandike mwaka.

Neno hilo la sita ni muhimu kuliko linavyoonekana. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania, ya mwaka 1964, huyalinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Yaliyojengwa baadaye hulindwa tu yakitangazwa kwa amri maalum. Misheni ya kwanza ya Buhaya ni ya mwaka 1892. Hesabuni wenyewe. Nyumba za zamani za mapadre na wachungaji, shule za kwanza, nyumba za kwanza za wakulima wa kahawa, zote zimezaliwa baada ya mwaka huo wa sheria. Kama hazikutangazwa, mlinzi wao ni mwenye nyumba, kamati ya parokia, na fundi mwenye kuuliza kabla ya kupiga nyundo. Na misonge, ambayo huezekwa upya kila baada ya miaka, haina mlinzi ila mikono inayojua kuifunga.

Wako watu waliokwisha kuanza. Katika kijiji cha Katuruka, Bukoba, mahali panapojulikana kwa kazi ya kufua chuma ya zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, wanakijiji walishirikiana kuijenga tena nyumba ya msonge ya kumbukumbu ya Mkama Rugomora Mahe. Ili waijenge iliwabidi wawatafute wazee waliokuwa bado wakijua namna ya kufunga pete na kupanga nyasi. Elimu hiyo haikuwa katika kitabu cho chote. Ilikuwa katika vidole vya watu wazima. Kama wangalingoja miaka ishirini zaidi, pengine wasingalipata wa kumwuliza.

Nanyi wanafunzi, twawapa kazi. Jumapili hii mtafuteni babu au bibi katika kibanja chenu, mkamwulize: nyumba ya kwanza ya hapa ilisimama wapi, nani aliijenga, mlango wake ulitazama upande gani, nani aliweka bati, na mwaka gani. Andikeni majibu. Kisha zungukeni nyumba mliyo nayo, mkatafute mahali ambapo ukuta mpya umeungana na wa zamani. Mtauona ufa mwembamba, au tofali la rangi nyingine. Wekeni kidole hapo, mkamwambie baba kabla mvua za masika hazijaanza.